Utepe wa Nyumba ya Stara

Watangaziwe wote, walio hai na wengineo, kwamba Mfuko wa Mwinuko wa Jamii, Kanda ya Mashariki, umekomesha shida. Tangazo hilo lilisomwa Mbale, katika ukumbi wa hoteli, mbele ya wadau mia mbili waliokuwa wakila kuku. Kuanzia siku ile, alisema Mkurugenzi, Mama Topista, hakuna kikundi cha jamii kutoka Mbale mpaka Jinja kitakachokwama kwa kukosa ufadhili, ili mradi kiwe kimekamilisha maandalizi ya kutokwama. Watu wakapiga makofi kwa mikono yenye mafuta. Mpango uliitwa Hakuna Atakayeachwa, Awamu ya Pili. Awamu ya Kwanza ilimwacha kila mtu, lakini tathmini ilithibitisha kwamba waliachwa kwa usawa, wanawake kwa wanaume.

Aliyeliandika tangazo lile ni Sulait Mudoola, Afisa Mwandamizi wa Walengwa na Uendelevu. Msimcheke mapema. Sulait alikuwa mtu safi, hakupokea hata soda ya mtu. Wenzake ofisini walijaza fomu ili siku ipite. Yeye, maskini, alizijaza kwa imani. Kila asubuhi alipanda boda kutoka Nkoma, anakoishi, faili amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na dereva akimwambia "bwana, nishike," anajibu kwamba mikono yote iko kazini. Kwao ni Mafubira, kaskazini ya mji wa Jinja, ambako mama yake mzazi, Bi Naigaga, alikuwa bado anaishi na dada yake Sulait, Rehemah.

Fomu ya kuomba ufadhili ilikuwa na kurasa thelathini na moja, na iliandikwa kwa Kiswahili. Mkubwa mmoja alikuwa amerudi safarini akasema Kiswahili kinaunganisha watu. Labda huko alikotoka. Mbale, mtu mzima akisikia Kiswahili cha ghafla huanza kupapasa mfukoni kutafuta kitambulisho, maana wengi lugha hiyo walifundishwa na afande penye kizuizi cha barabarani, somo moja tu, na mwalimu ameshika bunduki. Basi vikundi vingi viliipokea fomu, vikaifunga ndani ya sanduku pamoja na hati za mahakama, vikakaa kimya kungoja mambo yapoe.

Kikundi cha kwanza kuirudisha kilitoka Mafubira. Hao walikuwa wanawake wa Kiislamu, wengi wao wajukuu wa askari waliokuja zamani kutoka Sudan, watu wanaogombana, wanaobembeleza na wanaopanga bei kwa Kiswahili tangu enzi za bibi zao. Kikundi chao kiliitwa Stara. Kazi yao ilikuwa moja, na hawakumtoza mtu: mwanamke akifariki Mafubira, au hata mbali kule Buwenge, wao huenda na ndoo zao, sabuni, karafuu maiti na sanda, wakamwosha na kumvisha kwa heshima.

Shida ilikuwa mahali. Nyumba za Mafubira ni chumba na nusu, na hiyo nusu ina mpangaji. Basi wakaoshea uani, nyuma ya shuka zilizofungwa kwenye kamba ya nguo. Siku ya jua, afadhali. Lakini mwezi wa nne wa mwaka uliopita upepo wa mvua ulizing'oa shuka mbili kwa mpigo, na marehemu yuko pale amelala, na vijana wa stendi ya boda wako ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti, Hajati Zulaika, alijitupa juu ya marehemu akamfunika kwa mwili wake mpaka zilipoletwa shuka nyingine. Tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja kwa Mungu na kwa wanadamu: chumba. Kuta nne, bati, meza ya saruji, tangi la maji. Basi.

Sulait aliwapokea ofisini Mbale, Hajati na katibu wake Habibah, fundi cherehani mwenye ulimi wa sindano.

"Walengwa wa mradi ni akina nani?"

"Maiti," alisema Hajati.

Sulait akaandika. "Wa jinsia gani?"

"Wanawake tu. Wanaume wana watu wao."

"Vizuri sana. Jinsia imezingatiwa." Akaweka alama ya vema. "Je, walengwa walishirikishwa katika kubuni mradi?"

Hajati alimtazama kama anavyotazamwa mtoto wa jirani anayekula udongo. "Bwana afande, walengwa wetu wakifika kwetu wanakuwa wameshanyamaza."

"Kwa hiyo hawakupinga."

"Hawakupinga."

"Kiwango cha kuridhika na huduma?"

"Tangu tuanze, hakuna aliyerudi kulalamika."

"Malalamiko, sifuri," Sulait alisoma kwa sauti huku anaandika, na uso ukamchangamka kabisa. Hakuna mradi katika kanda nzima uliokuwa umewahi kufikia takwimu hiyo. "Sasa uendelevu. Baada ya miaka mitatu, walengwa watajitegemea vipi?"

"Haki ya Mungu," alisema Habibah akisimama, "mimi naenda kutafuta maji ya kunywa."

Kikabaki kiambatisho cha saba: orodha ya walengwa watarajiwa wa mwaka ujao, majina kamili, namba za simu na saini zao.

"Unataka tukuandikie nani atakufa?" Hajati aliuliza.

"Watarajiwa tu, Hajati. Hatumlazimishi mtu."

Baada ya majuma mawili Hajati alirudi na madaftari matatu. Alikuwa amepita Mafubira nyumba kwa nyumba, anabisha hodi, anawakumbusha wenye nyumba kwamba kila nafsi itaonja mauti, halafu anatoa kalamu. Wanawake wote wazima walikuwamo, wenye saini na wenye dole gumba. Mmoja tu alikataa. Wawili waliosahaulika walikuja wenyewe usiku kwa hasira wakitaka kujua wamemkosea nini Hajati hata wasiandikwe. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Hajati mwenyewe. La tano lilikuwa Naigaga, saini ya kutetemeka.

"Kama yumo asiyekufa," alisema Hajati, "mfute wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Sulait aliiweka kalamu juu ya jina la mama yake, akaishikilia pale kwa muda. Kisha akaiondoa, akachukua muhuri, akapiga.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mfuko ulijenga. Miezi mitano tu na nyumba ikasimama pale Mafubira, bati la buluu, vigae ukutani, meza, tangi, na mlango mkubwa unaotazama barabara, wenye ngazi pana ili wageni wapate pa kusimama wakipigwa picha. Wanawake wa Stara walikuja na vigelegele. Hajati aliupapasa ukuta kwa kiganja akalia. Halafu Gorreti, Afisa Itifaki, akanyoosha utepe mwekundu kutoka nguzo mpaka nguzo, na Sulait akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

"Tunaanza lini?" Hajati aliuliza.

"Mara tu baada ya kuzinduliwa."

"Kuzinduliwa? Kwani imezimia?"

Sulait alimweleza kwa upole. Kulikuwa na mwongozo, na kifungu cha tisa, ambacho yeye mwenyewe alikiandika, kilisema jengo likitumika kabla ya uzinduzi hayo ni matumizi holela. Utepe ulikuwa wa kukatwa na mgeni rasmi, Mheshimiwa mmoja wa Kampala. Na Mheshimiwa alikuwa na shughuli. Tarehe ya kwanza alikuwa safarini. Ya pili alikuwa na jino. Ya tatu alifika kabisa mpaka Jinja, akala samaki, akarudi. Miezi saba ikapita namna hiyo.

Msidhani Mfuko ulilala. Aliajiriwa mlinzi, Shakul, kuulinda utepe. Kila mwezi Sulait alisafiri kutoka Mbale kuja kuukagua, na fomu ya ukaguzi ilikuwa na swali moja kuu, hali ya utepe. Jua likiufubaza, anaubadilisha. Aliupiga picha kwa karibu, kwa mbali, na akiwa amesimama kando yake. Mwezi wa pili aligundua kwamba maji ya tangi yanapungua, akaandika "mvuke." Aligundua pia kwamba Hajati hamsumbui tena, siku hizi anamkaribisha chai, anamuuliza hali ya watoto. Katika ripoti ya robo mwaka Sulait aliandika kwamba jamii sasa imeuelewa utaratibu.

Ambaye hakuuelewa alikuwa mama yake. Bi Naigaga alikuwa amevimba miguu, hatoki tena kitandani, na kila Sulait akipita kumwamkia alimshika mkono kwa nguvu ambayo mgonjwa hapaswi kuwa nayo.

"Mwanangu, ile nyumba mtaifungua lini? Nisije nikaanikwa uani kama nguo."

"Hivi karibuni, Mama."

"Mimi na huyo Mheshimiwa wako, sijui nani atatangulia."

"Vumilia kidogo tu, Mama," alisema Sulait, na alipofika barabarani ndipo alipotambua amemwambia mama yake nini. Alijisikia vibaya mpaka Iganga. Toka Iganga mpaka Mbale aliandika ratiba.

Hatimaye tarehe ikapatikana. Mahema mawili yakasimamishwa, yakaletwa matarumbeta ya shule na viti vilivyovishwa kitambaa, pamoja na ratiba ya vipengele ishirini na mbili. Sulait alifika Jinja siku moja kabla na msafara wa Mkurugenzi, akalala hotelini, umbali wa boda moja kutoka kwa mama yake. Nitamwona baada ya shughuli, alijiambia. Kulikuwa na minong'ono kwamba siku ikienda vizuri atakuwa Mkurugenzi Msaidizi. Asubuhi alizima simu, kwa kuwa kipengele cha tatu kilisema simu zote zizimwe, na yeye si mtu wa kuvunja kipengele.

Saa tatu mvua ikaanza. Saa nne, saa ya Mheshimiwa kuwasili, Mheshimiwa hakuwasili. Viti vya wanawake wa Stara vilikuwa vitupu vyote, jambo lililomuudhi Gorreti, akavijaza walimu. Saa nne na nusu Rehemah, dada yake Sulait, alitokea pembeni ya hema la wakubwa, leso imemganda mwilini kwa maji.

"Kadi ya mwaliko," alisema Gorreti.

"Nina msiba, sina kadi." Akampita. "Kaka, mama ametutoka. Tangu alfajiri. Tumekupigia simu mpaka tumechoka."

Sulait aliketi. Aliketia kiti cha Mheshimiwa chenyewe, kile chenye mto, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Akalia kwa sauti, mtu mzima na beji yake kifuani.

"Mazishi?" aliuliza alipoweza.

"Baada ya adhuhuri. Wajomba wamekwishafika kutoka Buwenge, kaburi linachimbwa."

"Na kuoshwa?"

Rehemah alifungua mdomo kujibu, na matarumbeta yakapigwa, gari limeonekana barabarani. Lilikuwa gari la mikate. Lakini Sulait hakungoja jibu. Aliitazama ile mvua ikipigwa na upepo, akaiona kamba ya nguo uani kwao, akaziona shuka zinang'oka na mama yake yuko chini yake. Akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi.

"Mama Mkurugenzi, nimefiwa na mama. Naomba nifungue nyumba aoshwe."

"Pole sana, Sulait," alisema Mama Topista, na alikuwa amehuzunika kweli. "Msiba ni msiba. Lakini utepe ni wa Mheshimiwa."

"Mheshimiwa hajafika."

"Basi sogezeni mazishi."

"Maiti ya Kiislamu haisogezwi, Mama."

"Sulait. Mwongozo uliuandika wewe."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma kuliko kama lingekuwa uongo. Gorreti alikuwa amesimama karibu na sinia, na juu ya sinia kitambaa, na juu ya kitambaa mkasi. Sulait aliuchukua. Alitoka mvuani, akapanda zile ngazi pana, akaukata utepe alioukagua miezi saba, akatia ufunguo, akasukuma mlango.

Ndani mlikuwa na taa. Mlikuwa na mvuke wa maji moto na harufu ya karafuu maiti. Wanawake wanane wa Stara walikuwa wameizunguka meza, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, na chini ya kitambaa cheupe zilichungulia nyayo mbili ambazo Sulait angezitambua kokote duniani.

"Astaghfirullah! Mwanaume!" alipiga kelele Hajati Zulaika. "Toka!"

Kata ya maji ikamfikia kifuani, akabamiziwa mlango usoni, na komeo likaingia kwa ndani.

Sulait alisimama pale kizingitini analowa. Alishukuru, akaona haya, akashukuru tena. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Hajati. Mmeingilia wapi?"

"Mlango wa nyuma."

"Kwenye ramani mlango ni mmoja."

"Kwenye ramani yenu," ilisema sauti ya Hajati, na maji yakasikika yakimiminwa taratibu. "Mwanamke hatolewi kwa mlango wa barabarani, anatazamwa na wanaume wa boda. Tulimwambia fundi siku ya kwanza, akatoboa wa pili."

"Na mnaitumia tangu lini?"

"Tangu jioni ile mlipofunga utepe. Ulidhani tutawaosha watu mvuani miezi saba tukikutazama wewe na kitambaa chako? Mama yako ni wa ishirini na saba. Alikuwa anajua, tulimwambia juma lililopita, akacheka mpaka akakohoa. Sasa niache nimtawadhishe."

Sulait akageuka akamwona Shakul, mlinzi, amejikunyata chini ya upenu.

"Shakul, ulijua?"

"Afande, mimi nililetwa kulinda utepe," alisema Shakul kwa unyenyekevu. "Utepe nimeulinda. Aliyeukata ni wewe."

Hapo Mkurugenzi akafika na mwavuli, akaona vipande viwili vya utepe vimelala ngazini. Hakupoteza muda kwa hasira, ndiyo maana alikuwa Mkurugenzi. "Gorreti," alisema, "funga mwingine." Utepe wa pili ukafungwa mbele ya mlango uliofungwa, na ndani wanawake wanaendelea na kazi yao.

Mheshimiwa aliwasili saa sita kasoro. Kwa sababu ya mvua, hotuba zilisogezwa, akapelekwa ngazini moja kwa moja. Akapewa mkasi. Akakata. Makofi, matarumbeta, picha. Akasukuma mlango, haukwenda. Akasukuma tena, huku anatabasamu kwa ajili ya kamera. Kisha akafanya jambo ambalo kwa sura yake hakuwa amelifanya kwa miaka mingi, akabisha hodi.

"Kuna mtu!" ilisema sauti kutoka ndani.

Mheshimiwa alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi aliutazama mlango.

"Mimi ndiye mgeni rasmi," alisema Mheshimiwa.

"Mgeni rasmi wa leo tumeshampokea," Hajati alijibu. "Yuko mezani. Wewe kaa na wanaume wenzako."

"Kipengele cha kumi na nne," mshereheshaji alitangaza kwenye kipaza sauti, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyoandikwa, "Mheshimiwa anaingia ndani."

"Sulait, fanya kitu," alinong'ona Mama Topista. "Toa huo ufunguo."

Sulait alimwekea ufunguo kiganjani. "Komeo liko kwa ndani, Mama Mkurugenzi." Akavua beji yake ya kazi, akamwekea na hiyo. Kwa upande wa nyuma ya nyumba sauti za wanaume zilikuwa zimeanza kupanda, La ilaha illallah, wajomba wa Buwenge na vijana wa stendi ya boda, na jeneza likajitokeza kwenye mvua limefunikwa kitambaa kizuri cha kijani. Sulait aliruka ngazi, akazunguka ukuta anateleza kwenye tope, akaweka bega chini ya jeneza la mama yake.

Mafubira jeneza likipita mtu haketi. Walimu waliinuka kwanza. Wenye matarumbeta wakayalaza juu ya viti, wakafuata. Shakul akaacha lindo. Mmoja mmoja, mahema yote mawili yakamiminika barabarani nyuma ya Bi Naigaga, mpaka pale ngazini wakabaki Mheshimiwa, Mkurugenzi na Gorreti, wanautazama mlango.

Mshereheshaji, ambaye hakuwa na maagizo mengine, akafungua ukurasa. "Kipengele cha kumi na tano," alisema. "Wananchi wanamshukuru Mheshimiwa."

Wananchi walikuwa wamekaribia msikiti.